Betri Mbili na Beseni Moja: Naviundu hadi Kolwezi

Nimechoka kusimulia nusu nusu. Tangu nirudi, hakuna anayeingia karakana yangu hapa Naviundu bila kuuliza habari ya pikipiki yangu ya umeme: "Papa Donat, ile pikipiki ya courant ilifika kweli?" Nikianza kujibu, mteja analeta pampu iliyoungua, simulizi inakatikia Likasi, na aliyeuliza anakwenda kutangaza mtaani kwamba nilikwama Likasi siku tatu. Sikukwama Likasi siku tatu. Basi naandika mara moja, someni wote, kisha mniache nisuke koili zangu kwa amani.

Kwa asiyejua: dada yangu Agnès aliolewa Kolwezi na Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori. Dada alifariki akaacha binti mmoja, Mapendo. Jumamosi ile familia ya mchumba ilikuwa inakuja kujitambulisha. Kwetu siku hiyo wageni huleta vinywaji, vinapangwa katikati ya ua, vinafunikwa kitambaa, na hakuna anayegusa chupa mpaka binti aulizwe mara tatu mbele ya watu: tunywe au tusinywe? Akisema tunywe, amekubali kuolewa. Mwenye kuuliza ni mjomba, kaka ya mama yake. Si baba, wala ndugu wa baba. Mjomba ni mimi peke yangu, hakuna wa akiba.

Mapendo alinipigia simu mwenyewe. "Mujomba, ukuye weye. Usitume barua, usitume muntu. Kama hauko, batatia muntu ingine mu mahali yako."

Nikavimba kichwa. Nikajiambia, mtoto huyu ananipenda.

Basi la Kolwezi huondoka asubuhi na kufika jioni. Mtu mwenye akili angepanda hilo. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema karakana nzima isikie kwamba pikipiki yangu ya umeme inafika Kolwezi, na shemeji Kambale alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Shemeji, ile ni ya kwendea ku soko! Nikutumie camion ikubebe, weye na hiyo mainzi yako?" Ulimi huponza kichwa. Nikamwambia akae na malori yake, nitakuja na nzi wangu.

Naviundu hadi kizuizini

Niliondoka Alhamisi alfajiri. Pikipiki ina betri mbili zenye mikono ya kubebea. Kila moja inanifikisha kama kilomita hamsini nikiwa mpole, arobaini nikiwa na haraka. Mke wangu alizifunga kwa vipande vya kitenge zisiingie vumbi. Aliniaga kwa maneno machache: "Ukichelewa, usirudi ku hii nyumba."

Kero ya kwanza ya pikipiki ya umeme si umeme, ni ukimya. Mbuzi hawakusikii. Waendesha baiskeli wenye magunia ya makaa, wanaoteremka katikati ya barabara kama mabwana harusi, hawakusikii. Nilipiga honi mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Kwenye kizuizi cha kwanza nilifika bila mlinzi kujua. Alikuwa amenipa mgongo, anamenya muwa. Niliposema "Jambo, papa," muwa ulianguka.

"Weye unatoka wapi? Mbona sikusikia moteur?"

"Iko na moteur. Haina tu kelele."

"Moteur yenye haina kelele iko ya mwizi. Washa nisikie."

Nikawasha. Akainama, akatega sikio. "Haiwake."

"Imewaka, papa."

"Weye unanibishia na masikio yangu miye?"

Nikasokota mkono kidogo tu, pikipiki ikaruka mbele, nusura ing'oe mti wa kizuizi. Mlinzi akaanza kucheka, kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akawaita wenzake wote, mmoja mmoja, waje kutega sikio. Kila mmoja alinitaka niwashe, nizime, niwashe tena. Nilipoteza saa nzima na kilomita tatu za betri nikiwa nimesimama pale pale.

Sahani tatu kabla ya Likasi

Betri ya kwanza ilikata roho. Ya pili ilipofika nusu nikaona banda la chakula lenye jenereta. Mwenye banda, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kanisani, alinisikiliza, akanionyesha tundu la umeme, akaniwekea sharti.

"Prise ni ya bantu benye banakula. Sahani ikiisha, ninachomoa."

"Mama, betri inachukua masaa mingi."

"Basi kula polepole."

Nikaagiza bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo yenye dagaa. Nilikula kwa adabu, tonge dogo dogo, namtafuna kila dagaa kama ana mifupa ya ng'ombe. Mama alipita akachungulia sahani. Iliposafika, mkono wake ukaenda kwenye waya. Nikaagiza ya pili. Ya tatu niliila kwa machozi. Dereva wa lori aliyekaa pembeni aliniuliza kama nimetoka kifungoni.

Niliingia Likasi jioni nikiwa nimejaa kuliko betri. Nikapata chumba katika nyumba ya wageni ya parokia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mtunzaji akanituliza kwamba utarudi "kesho, Mungu akipenda." Mungu alipenda saa nne asubuhi ya Ijumaa. Nikachomeka, na ndani ya dakika tano wageni wote walikuwa na simu zao kwenye waya wangu, kila mmoja akisema yake ni ndogo tu. Tulitoka hapo saa tisa alasiri, mimi na betri mbili zilizojaa na hasira isiyokuwa na wa kuimiminia.

Hiyo ndiyo Likasi. Usiku mmoja. Mwenye kutangaza siku tatu sasa anajua.

Kambove na mbele yake

Karibu na Kambove nilisimama kunywa maji. Wachimbaji wanne walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri gari, weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Wao hawakuuliza kuhusu kelele. Mmoja alienda moja kwa moja kwenye betri, akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Mule ndani iko na cobalt, haina vile?"

"Nasikia iko."

Akawageukia wenzake. "Munaona? Ile tunatoaka hapa inaenda Ulaya, inaenda Chine, kisha inarudia na magurudumu." Akaipapasa betri yangu kama mtu anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka shuleni. "Mambo, mutoto? Umenona."

Walicheka, nami nikacheka, ingawa mmoja wao hakucheka sana. Aliniomba apande mita mia tu, aone ile aliyoichimba inavyokwenda. Nilimpandisha. Aliporudi alisema, "Iko muzuri. Lakini mbona habatupatie hata moja?" Nikawasha nikaondoka.

Nilipita Fungurume giza likianza kuingia, nikasukuma mwendo mpaka kijiji kimoja kidogo ambako hata betri ya pili ilikwisha. Nilikaribishwa kwenye nyumba ya mwalimu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Wageni walitarajiwa Kolwezi saa sita, na mimi nilikuwa bado na kilomita zaidi ya themanini mbele yangu.

Foleni ya mabeseni

Sasa hapa msikilize vizuri, maana ndipo palipo na faida kwa anayetaka kusafiri namna hii. Usitafute hoteli wala kituo cha mafuta. Tafuta moulin, mashine ya kusaga mahindi. Watu wakila bukari kila siku, moulin lazima iwe na umeme wa kuaminika au jenereta yenye nguvu. Kijiji kinaweza kukosa taa, hakikosi moulin.

Ile ya pale ilikuwa ya Mama Régine. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikisukuma pikipiki na betri zake, nikakuta mstari mrefu wa mabeseni yenye mahindi, hakuna mtu. Wenyewe walikuwa majumbani. Beseni ndiyo inayosimama foleni.

"Beseni yako iko wapi?" akaniuliza Mama Régine.

"Sina mahindi, mama. Niko na betri."

"Hapa courant inapatiwa beseni. Haipatiwe muntu."

Nikamweleza habari ya Mapendo. Akanihurumia, lakini sheria ni sheria. Akaniazima beseni ya plastiki, nikaweka betri ya kwanza ndani, nikaifunika kwa kipande cha kitenge cha mke wangu, na beseni ikaingia mstarini. Wenye mabeseni ya mbele walipopita na kunikuta nimekodoa macho, wakanipa nafasi zao. Saa moja nilikuwa kwenye waya. Chaja nina moja tu, hivyo ni betri moja kwa zamu. Ya kwanza ilipojaa, Mama Régine akaihamishia upande wa beseni zilizokwisha, nami nikachomeka ya pili, nikaenda kwa mwalimu kunywa chai.

Niliporudi saa nne, beseni ilikuwa pale pale na kitenge kile kile. Nikafunua ili nibebe betri yangu.

Unga. Mweupe, laini, bado una joto la mashine.

Nilisimama nimeshika kitenge hewani. Kumbe mke wangu alikuwa amefunga betri kwa kitenge cha tarehe nane Machi, kile cha sikukuu ya wanawake, ambacho kila mama wa nchi hii alikinunua mwaka ule. Nilipotazama upande wa beseni zilizokwisha, tatu zilikuwa zimefunikwa kwa kitenge hicho hicho.

"Aba!" Mama Régine akashika kichwa. "Bamama ya matanga balikuya kubeba bunga ya kupikia. Shi bamebeba ya kwako!"

"Habakusikia uzito?"

"Beseni ya bunga na ile kitu yako iko nzito sawa sawa. Nani atafunua mu njia?"

Matangani

Nililazimika kwenda kubadilisha. Unga ule haubebeki mikononi, basi nikauweka kichwani, mimi mzee wa miaka hamsini na mitatu, nikavuka kijiji kizima. Wanawake waliokuwa kisimani walipiga vigelegele. Mmoja akauliza kama mke wangu ameniacha.

Pale penye msiba wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti nje, kimya. Kijana wa mlangoni akaipokea beseni, akafunua, uso ukang'aa. "Mugeni ameleta bunga!" Kabla sijatoa neno, nimeshukuriwa, nimebarikiwa, nimeketishwa kiti cha mbele. Sasa mtu atasemaje kwamba unga ni wenu wenyewe, nipeni betri yangu?

Halafu kuna desturi. Aliyefika matangani haombi kitu kabla ya kupewa habari ya kifo. Mzee mmoja, mdogo wa marehemu, akanisogelea na kuanza tangu homa ya kwanza. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa mgodi, aliumwa kifua, akapelekwa huku, akarudishwa kule. Nilisikiliza nikitikisa kichwa. Alipomaliza nikafungua mdomo, wageni wawili wakaingia, mzee akaanza upya tangu homa ya kwanza. Mara hii ugonjwa ulirefuka kwa mwezi mmoja. Nikatazama saa: tano na nusu.

Ndipo nikaiona. Kando ya mbabula mbili, majiko yetu ya bati, zenye makaa mekundu, mama mmoja mnene alikuwa anasonga bukari kwenye sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kasia, na alikuwa ameketi juu ya betri yangu. Kila akisukuma mwiko, betri inasogea kidogo kuelekea motoni. Betri ile haipendi joto, wala haikuundwa kwa ajili ya kubeba mama mzima.

Binti wa marehemu alipita na maji ya kunawa. Nikamnong'oneza, "Mutazika saa ngapi?"

"Tunangojea tu mujomba, papa," akasema. "Bila yee, nani atasema neno? Anatoka Likasi na basi. Tangu jana tunamungojea." Akakaa chini, maji mkononi. "Pengine hakupenda tu kukuya."

Niliona aibu, jamani. Sitaki kuificha. Watu wale walikuwa wamemweka baba yao ndani kwa ajili ya mjomba aliyechelewa, na mimi, mjomba mwingine, nilikuwa nimekaa katikati yao kwa sababu nilitaka kumkomoa shemeji mwenye malori.

Nikamwambia yote. Mjomba. Mapendo. Vinywaji chini ya kitambaa. Betri.

Macho yakamtoka. "Weye ni mujomba?"

"Ni miye."

"Na banakungojea leo?"

"Saa sita."

Akasimama, maji yakamwagika. "Bamama! Huyu ni mujomba ya bantu! Mutoto anamungojea ku Kolwezi, na yee iko hapa anakaa!"

Sijawahi kufukuzwa msibani kwa upendo namna ile. Yule mzee wa homa ya kwanza aliamka akanisukuma mgongoni. Mpishi akanyanyuka, akatazama alichokalia, akasema, "Shi nilisema hii kiti iko nzito sana!" Akaipangusa betri kwa kitenge chake. Wanawake wawili wakaibeba kwa zamu, wanakimbia, mimi nyuma nahema, mpaka kwa Mama Régine, ambaye alikuwa ameshachomoa ya pili na kuipachika mwenyewe.

Kolwezi

Nilikwenda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, maana haraka inakula betri. Malori ya shemeji, au ya wenzake, yalinipita na kunimwagia vumbi jekundu mdomoni. Maji yangu yaliisha. Simu ilizima. Mwinuko wa mwisho kabla ya mji betri ya pili ilibaki na mstari mmoja, nikashuka nikasukuma. Wauza mafuta ya chupa walinikimbilia kutoka pande zote. "Papa, essence! Lita mbili zitakutosha!" Mmoja alizunguka pikipiki mara tatu akitafuta mdomo wa tangi, akanilaani.

Nilifika saa kumi na nusu. Ua wa shemeji ulijaa watu waliochoka kutabasamu. Kreti zilikuwa katikati chini ya kitambaa cheupe, na maji ya ubaridi yalikuwa yakichirizika pembeni, maana walishabadilisha barafu mara mbili. Mapendo alikuwa amejifungia chumbani tangu saa sita, anasema mlangoni neno moja tu: mpaka mjomba.

Kambale alinikamata mkono. Hakucheka. "Shemeji, utanieleza kesho. Uliza mbio mbio, tukunywe. Baba ya kijana tuko naye mu biashara miaka kumi na tano."

Wakamleta Mapendo. Amefanana na mama yake mpaka nilimsahau aliyekuwa mbele yangu. Nikasafisha koo, likatoa vumbi.

"Mapendo, mutoto ya dada yangu. Hivi bintu bageni baleta, tukunywe?"

"Hapana, mujomba. Tusikunywe."

Watu wakadhani ni mzaha wa bibi harusi; wengine hukataa mara ya kwanza ili wabembelezwe. Wakacheka, wakapiga makofi. Nami nilicheka. Nikauliza mara ya pili. Akanitazama machoni, hakutabasamu. "Tusikunywe."

Kicheko kikafa. Kambale akaninong'oneza, "Mubembeleze. Unajua namna ya kumubembeleza." Baba ya kijana alikuwa ananitazama. Kreti zilikuwa hatua mbili kutoka miguuni pangu, baridi kabisa, na katika mji wote wa Kolwezi hapakuwa na mtu mwenye kiu kama mimi. Ningekuwa na soda mkononi kwa neno moja la hila.

Mara ya tatu nikauliza kwa sauti ya chini, yeye na mimi. "Mapendo, una hakika?"

"Nilibaambia tangu mbele. Habakunisikia. Hapana."

Nikasimama wima. "Mujomba ni miye. Nimeuliza mara tatu, amejibu mara tatu. Bageni, tunawashukuru kwa heshima mulituletea. Hatutakunywa."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Kambale hajanipigia simu mpaka leo, na sijui atanipigia lini. Nimeumia, maana ni mtu mwema na alimlilia dada yangu kweli. Kreti zilirudishwa garini, zikigongana. Wa mwisho kutoka alikuwa yule kijana mchumba mwenyewe, suti ya buluu, mtoto wa watu. Alinikuta nahangaika kuingiza pikipiki kivulini, akaishika nyuma, akasukuma nami.

"Hata miye habakuniuliza," akasema. "Merci, mujomba." Akaenda.

Mapendo aliniletea maji ya bomba kwenye kikombe cha plastiki. Nilikunywa yote bila kupumua. Akakaa chini kando ya gurudumu, akavua viatu vya sherehe.

"Nilikuwa ninaogopa hautafika," akasema. "Kama balitia muntu ingine aniulize, ningesema ndiyo. Nani angenisimamia?"

Nikamwomba kikombe kingine, apate kuondoka kidogo mbele yangu. Sikuweza kumwambia kwamba basi lingenifikisha kwake tangu Alhamisi jioni.